KAMBI ZA WAKIMBIAJI WA KIMATAIFA: zinafanyaje kazi, nani anaingia, na kwa nini usitume hela kwa mtu wa simu

Leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo wewe uliyekaa kafe unahesabu dakika, kama muda umebaki mchache soma namba 6 na namba 9 kwanza, mengine utarudi kesho.

Kwetu Ngara ukitamka neno KAMBI, mtu mzima anakumbuka kitu kimoja tu: wakimbizi. Mwisho wa Aprili 1994 watu wanaokaribia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takribani saa 24, na Benaco ikawa jina la kutangazwa redioni dunia nzima. Baadaye zikaja Lumasi, Lukole na nyingine. Kwa hiyo dogo langu alipomwambia mama "nimepata nafasi kambini", mama alishtuka. Akauliza, kambi ya nani tena? Vita iko wapi?

Dogo alikuwa anasema kambi ya riadha. Kuna mtu alimwona akikimbia kwenye mashindano ya shule, akachukua namba, na baada ya wiki mbili akapiga simu. Akajiita wakala. Akasema kuna nafasi kwenye kituo kikubwa cha mazoezi Kenya, inatakiwa Sh 180,000 ya usajili na Sh 120,000 ya sare na usafiri. Mama akauza mbuzi wawili na maharage yaliyokuwa ndani. Mimi ndiye niliyekwenda kutuma hela, na hilo linaniuma hadi leo. Dogo akaambiwa asubiri gari la wanamichezo pale Nyakanazi alfajiri. Alikaa na begi lake kuanzia saa 11 asubuhi mpaka jua linazama. Simu ya yule bwana haikupatikana tena. Dereva wa lori la Kigali alimwonea huruma akampakia mpaka Benaco.

Baada ya hapo nikaamua kutafuta kila kitu kuhusu hizi kambi. Nimesoma, nimeangalia video, nimeuliza watu wa riadha. Haya ndiyo niliyoyapata, ili mwingine asikae Nyakanazi bure.

1. KAMBI YA WAKIMBIAJI NI NINI?

Ni mahali ambapo wanariadha wa kiwango cha juu wanaishi pamoja na kufanya mazoezi pamoja kwa wiki au miezi kadhaa chini ya kocha. Basi. Wengi tunafikiri ni jumba lenye mitambo. Kumbe nyingine ni nyumba za kawaida zenye vitanda viwili kila chumba, jiko, tangi la maji na barabara ya vumbi nje. Kinachoifanya iwe kambi ni vitu vinne: kocha, kundi la watu wenye kasi inayolingana, ratiba, na chakula cha uhakika. Ukiwa na jumba lakini vitu hivi hakuna, hiyo ni hosteli tu.

2. KWA NINI ZIKO MILIMANI?

Mji maarufu kuliko yote ni Iten, kaunti ya Elgeyo Marakwet, Kenya. Uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kule juu mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Asilimia ya oksijeni ni ileile, lakini kila ukivuta pumzi unapata oksijeni kidogo zaidi. Mwili ukiona hivyo, figo zinatoa homoni iitwayo EPO, nayo inauamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu nyingi zaidi. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Ukishuka kwenda kushindana sehemu ya chini, una wabebaji wengi kuliko mwenzako.

Lakini faida hiyo haidumu milele. Mtu wa bondeni anahitaji kukaa juu wiki 3 au 4 hivi ili aipate, na akishuka inapungua taratibu ndani ya wiki chache. Ndiyo maana Wazungu wanapanda ndege kwenda Iten kila mwaka. Na ukipanda juu mno nako kuna shida, maana unashindwa kukimbia kwa kasi na mwili hauponi vizuri. Wataalamu wengi wanapendelea kati ya mita 2,000 na 2,500.

3. AINA ZA KAMBI (hapa ndipo tunapochanganya)

a) Kambi ya shule. Iten yote ilianzia kwenye Shule ya Sekondari ya St. Patrick's. Mwaka 1976 alifika pale Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo ya ukocha wa riadha! Alijifunza kwa kuwaangalia vijana wenyewe. Mwanafunzi wake Peter Rono alichukua dhahabu ya mita 1,500 Olimpiki ya Seoul 1988, na David Rudisha, aliyekuja kukua mikononi mwake, alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012, rekodi ya dunia.

b) Kambi ya kulipia. Lornah Kiplagat, bingwa wa dunia wa nusu marathoni, alianzisha kituo cha mazoezi ya milimani pale Iten mwaka 1999. Kwanza alilenga kuwasaidia wasichana wakimbiaji, kwa kuwa wasichana walikuwa hawana pa kukaa wakafanya mazoezi bila kusumbuliwa. Siku hizi kina vyumba, jimu na bwawa la kuogelea, na wageni kutoka duniani kote wanalipa kama hoteli. Hapa yeyote mwenye hela anaingia. Kulala pale hakukufanyi kuwa mwanariadha wa kimataifa, kama vile kulala hospitali hakukufanyi daktari.

c) Kambi ya mawakala. Hii ndiyo yenye majina makubwa. Mfano ni Kaptagat, karibu na Eldoret, anapofundisha Patrick Sang, aliyepata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Ndiko Eliud Kipchoge alikoishi miaka mingi. Kampuni ya mawakala na wadhamini ndio wanaolipia kambi. Huombi kwa simu. Unaalikwa kwa sababu ya MUDA wako.

d) Kambi ya serikali au jeshi. Wachezaji wanaajiriwa jeshini, polisi au magereza, wanapata mshahara na muda wa mazoezi. Kwetu Tanzania hii imebeba riadha kuliko watu wanavyojua, nitaeleza chini.

e) Kundi la mtaani. Vijana watano au kumi wanapanga vyumba vya bei rahisi, wanachangia unga, wanakimbia pamoja na kundi kubwa asubuhi. Wakimbiaji wengi wa Iten wasio na jina wanaishi hivi, na ni wachache sana wanaofika Ulaya. Hili hawakwambii.

4. SIKU MOJA KAMBINI

Kuamka ni kabla ya jua. Kukimbia kwa kwanza ni saa 12 asubuhi au mapema zaidi. Halafu chai na mkate, kupumzika, kula mchana, kulala. Ndiyo, KULALA MCHANA ni sehemu ya kazi. Jioni kukimbia tena taratibu. Saa 3 usiku taa zimezimwa.

Kwa wiki kuna siku moja au mbili za kasi kwenye uwanja wa riadha, siku moja ya kubadilisha kasi barabarani (dakika moja unatoka mbio, dakika moja unapunguza), na siku moja ya safari ndefu, kilomita 30 mpaka 40 kwa wa marathoni. Siku zinazobaki ni mbio laini. Wengi wetu huku tunakosea hapo: kila siku tunakimbia kama tunafukuzwa na mbwa, baada ya mwezi mguu umekufa.

Chakula ni ugali, maharage, mboga za majani, maziwa, mayai, nyama kidogo, chai ya maziwa. Hakuna cha ajabu. Na kazi za ndani zinagawanywa kwa zamu. Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 2:01:09 Berlin 2022, na Vienna 2019 alimaliza kwa 1:59:40 katika mbio maalumu ambazo hazikuhesabiwa kuwa rekodi. Huyohuyo kambini alikuwa anasafisha choo zamu yake ikifika.

5. KASI YA KIMATAIFA NI KASI GANI HASA?

Tusidanganyane, tupige hesabu. Alphonce Simbu wetu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa 2:09:48. Ni karibu dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, mara 42 na ushee, kwenye joto. Ile ya Kipchoge ya Vienna ni dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita.

Jaribu hivi: pima kilomita moja ya barabara tambarare, ikimbie kwa nguvu zako zote, uangalie saa. Ukipata 3:05 ujue umefanya kipande kimoja kati ya 42. Sisi tulimpima dogo kilomita 10 kwa kufuata kipimo cha pikipiki, barabara yenye vilima, mimi nikishika simu. Akapata 34 na sekunde 20. Mtaani kwetu hakuna anayemkaribia. Lakini ni karibu 3:26 kwa kilomita, na ni kilomita 10 tu. Mtu aliyemwambia kwamba "timu ya Ulaya inakusubiri" alikuwa anajua anadanganya.

6. NANI ANALIPA NANI?

Hili ndilo ningependa kila kijana akariri. Wakala wa kweli anapata hela MWANARIADHA AKISHINDA. Kawaida anachukua kama asilimia 15 ya zawadi na malipo ya kushiriki. Bingwa wa dunia wa 2025 alipata dola 70,000 za zawadi, kwa hiyo unaona mwenyewe wakala anataka nini: anataka mtu mwenye kasi, na yuko tayari kumlisha ili aipate hiyo asilimia.

Sasa mtu anayetaka Sh 180,000 zako kabla hujakimbia hata hatua moja, biashara yake ni ada yako. Miguu yako haimhusu.

Kipchoge mwenyewe alianza kwa kumfuata Patrick Sang, jirani yake kijijini kule Nandi, akamwomba programu ya mazoezi. Akaifanya, akarudi kuomba nyingine. Hakuna hela iliyotumwa.

7. TANZANIA TUNA NINI?

Medali za Olimpiki za Tanzania mpaka Paris 2024 ni mbili tu, zote Moscow 1980, zote fedha, zote riadha: Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui mita 5,000. Nyambui ni mtu wa kanda yetu ya ziwa, mzaliwa wa Majita, Mara. Bayi kabla ya hapo alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Februari 1974, kwa 3:32.2. Baadaye alijenga shule na kituo cha michezo Mkuza, Kibaha.

Jeshi limefanya kazi kubwa. Juma Ikangaa alikuwa ofisa wa JWTZ aliposhinda New York Marathon 1989 kwa 2:08:01, na Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Simbu pia ni mwanajeshi. Shaba London 2017, wa pili Boston 2025, halafu dhahabu Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Tokyo yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, ikabidi iangaliwe picha ya mstari wa mwisho!

Makundi mengi ya mazoezi yako Arusha, Karatu na Mbulu, kwa sababu ya mwinuko na kwa sababu wakimbiaji wengi wametoka huko. Gabriel Geay, wa pili Boston 2023, ni wa upande huohuo. Kwa sisi wa ziwa, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilaya ya Kwimba, Mwanza. Hicho kinafundisha walimu na makocha wa michezo. Mtu akikwambia Malya ni kambi ya kukupeleka Ulaya, huyo naye mkimbie.

Na tusifikiri ni sisi tu tunaosubiri majengo. Stephen Kiprotich wa Uganda aliposhinda marathoni ya Olimpiki London 2012, serikali yao iliahidi kituo cha milimani Teryet, Kapchorwa. Ujenzi ulichukua miaka na miaka. Joshua Cheptegei hakusubiri, na Paris 2024 alichukua dhahabu ya mita 10,000.

8. UPANDE WA GIZA

Dawa. Ruth Chepngetich alikimbia marathoni kwa 2:09:56 Chicago 2024, mwanamke wa kwanza chini ya 2:10. Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3 baada ya kukutwa na dawa ya kuongeza mkojo, ambayo imepigwa marufuku kwa kuwa inaweza kuficha dawa nyingine. Sheria iko hivi: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama uliambiwa ni vitamini. Usichomwe sindano na mtu wa kambini eti ya nguvu.

Usalama wa wasichana. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya kilomita 10 za wanawake. Mume wake ndiye aliyeshtakiwa kwa mauaji. Rebecca Cheptegei wa Uganda alifariki Septemba 2024 baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto Kenya. Kule kuna wanaume wanaojifanya makocha, lakini wanachotaka ni kushika zawadi ya msichana na maisha yake. Dada anayekwenda kambini lazima nyumbani wajue kocha ni nani, analala wapi, na akaunti ya benki ina jina la nani.

Kukimbizwa mapema. Shirikisho la dunia haliruhusu walio chini ya miaka 20 kukimbia marathoni kwenye mashindano yake. Kijana wa kidato cha pili akipelekwa kilomita 42 kutafuta zawadi, anatumiwa.

9. MTU WA NGARA AU BIHARAMULO AFANYEJE?

Kwanza mwinuko. Ziwa Victoria liko mita 1,134, na milima ya Ngara mingine inakaribia 1,800. Biharamulo wako chini kidogo. Si Iten, lakini si pwani. Na angalia majirani: Burundi, ng'ambo tu ya Kabanga, Vénuste Niyongabo alichukua dhahabu ya mita 5,000 Atlanta 1996, Olimpiki ya kwanza kabisa ya nchi yake, tena wakati wa vita. Alikuwa ameacha nafasi yake ya mita 1,500 ili mkongwe Dieudonné Kwizera naye akimbie. Francine Niyonsaba, fedha ya mita 800 Rio 2016, ametoka Ruyigi, upande unaopakana na Tanzania. Vilima vyao na vyetu ni vilevile.

Hatua zenyewe:

- Ukiwa shuleni, UMITASHUMTA na UMISSETA ndiyo mlango. Mwalimu wa michezo awe na muda wako ulioandikwa.
- Ukishamaliza shule, muone ofisa michezo wa wilaya, uulize chama cha riadha cha mkoa. Ni bure.
- Kakimbie mbio zenye muda rasmi: Rock City Marathon Mwanza, Kilimanjaro Marathon Moshi. Anza na umbali mfupi. Muda rasmi ndiyo cheti chako.
- Jeshi na JKT wakitangaza nafasi, omba kwa njia zao za wazi, usinunue nafasi.
- Mtu akikuita kambini, uliza: kocha nani, kambi iko wapi, nani ameshatokea hapo, mkataba uko wapi. Mpigie mwanariadha aliyeko kule. Mwonyeshe mkataba mtu anayeelewa kabla hujasaini.
- Hela ya usajili kwa namba ya simu: HAPANA.

Kuhusu dogo: wiki tatu baada ya Nyakanazi hakutaka hata kuviona viatu. Mama ndiye aliyemwambia, mbuzi wameshakwenda, miguu si bado unayo? Sasa wako sita, wanakutana saa 11 na nusu asubuhi, siku mbili za kasi, moja ndefu, nyingine laini, kama nilivyoandika kwenye namba 4. Mmoja ni fundi baiskeli, wawili wanabeba matofali, kwa hiyo kulala mchana hakupo. Tuna saa moja ya kuhesabia sekunde na daftari. Juzi dogo amepata 33 na sekunde 41, barabara ileile, vilima vilevile. Nimeandika kwenye daftari, tarehe na saa.

Mwenye kujua kocha wa kweli kanda hii, au aliyewahi kuishi Iten au Karatu, aongezee kwenye maoni hapo chini. Na kama kuna aliyepigiwa simu kama tuliyopigiwa sisi, asione aibu kusema, maana huyo mtu hajaacha kupiga.

Naomba kuwasilisha.